Siku Nilipojiangusha Mbele ya Wafiwa

Mimi nilikuwa mtu wa kutamba hadharani kwamba duniani hakuna jambo la kunishangaza. Nimekata mkonge nikiwa kijana. Nimelala kwenye kambi za manamba, nyoka darini, kunguni kitandani. Nimeendesha lori kwenye barabara ambayo hata mbuzi anafikiri mara mbili kabla ya kupita. Nishangae nini tena? Basi nimeshangazwa, tena na mama mmoja wa Matombo aliyekuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage.

Nakusimulia wewe msomaji kwa sababu hunijui, nami sikujui. Nimekosa! Sikutumwa na mtu, sikulewa, wala sitamsingizia shetani. Nilikuwa na akili zangu zote kichwani.

Jina langu sitoi. Jina la huyo niliyemkosea ndilo kabisa, siliandiki hata mnipe ng'ombe. Hapa nitamwita Mkasi, na hata hilo silo walilokuwa wakimwita uwanjani. Nimelitunga mwenyewe, maana mdomo wangu umeshamharibia vya kutosha.

Nijieleze kidogo mpate kunielewa. Mimi ni Mnyamwezi. Nilifika Morogoro na shuka moja begani, nikaingia mashamba ya mkonge. Shule niliishia darasa la pili. Kuandika vizuri nimejifunza juzi juzi kwenye kisomo cha watu wazima, na nilikuwa wa kwanza darasani, msidhani natania. Leo nina lori. Si la ushirika, si la mkopo, ni langu peke yangu, na ubavuni nimeliandikisha kwa rangi nyekundu: JASHO LANGU. Asubuhi linapanda Matombo, milimani kwa Waluguru, jioni linashuka na ndizi, machungwa na pilipili manga.

Sasa miaka yenyewe hii mnaijua. Mwenye lori lake mwenyewe hakosi kusemwa. Vijana wa tawi la chama wakiniona nikipita walikuwa wanaimba, "Kupe huyo! Kupe huyo!" Balozi wangu wa nyumba kumi naye haachi kuniuliza, "Ndugu, hilo gari utalipeleka lini kijijini likatumikie wenzako?" Nikaona nisipotafuta pa kujikinga nitanyolewa bila maji.

Nikajikinga na mpira.

Kulikuwa na timu ya kiwanda kimoja cha umma, na timu hiyo gari lake lilikuwa linashinda gereji kuliko barabarani. Nikajitolea. Kila mechi nawabeba wachezaji bure, nawapeleka, nawarudisha. Basi ghafla mimi si kupe tena! Nikawa "ndugu yetu mwenye lori". Vijana wale wale wa tawi wakawa wananipigia saluti.

Na katika timu hiyo ndimo alimokuwa Mkasi.

Winga wa kushoto, mtoto wa Matombo, amelelewa jirani na misheni. Akiupata mpira pembeni unasikia uwanja mzima unavuta pumzi. Alikuwa anacheza soksi moja juu, nyingine imeshuka. Watoto wote wa mji wakaiga, na wasio na soksi wakajifunga kitambaa mguu mmoja. Halafu kijana mwenyewe hanywi, havuti, kazini anafika mapema. Mashuleni walikuwa wanamwita akazungumze na wanafunzi habari za nidhamu. Mama akimkemea mwanawe utamsikia, "Mkasi angefanya hivyo?"

Mimi na Mkasi tulikuwa watani. Kwa msiojua, Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu babu zetu walipopita huku na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo, akaondoka na kuku wako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Msibani ndipo kwenyewe. Mtani anamwigiza marehemu alivyokuwa akikohoa, anaingia kaburini kabla ya mwenyewe anasema chumba amekipata kwanza, na hatoki mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku wanalia. Ni jambo jema, nasi tunalionea fahari.

"Nyie wa milimani mmezaliwa mguu mmoja mfupi," nilikuwa nikimchokoza Mkasi. "Ndiyo maana unapiga kwa kushoto. Wa kulia uliishia kwenye mteremko."

"Na nyie shingo zimeingia kifuani," ananijibu. "Mmebeba mizigo ya watu mpaka hapa, mkasahau njia ya kurudi kwenu."

Tunacheka, safari inakuwa fupi.

Kila mwisho wa mwezi alikuwa anapanda lori langu kwenda kwao. Mimi nilidhani anampelekea mama yake mshahara. Sikuuliza. Nilichojali ni kwamba watu wananiona mjini, Mkasi amekaa mbele na mimi, kiwiko dirishani. Nilikuwa napiga honi hata pasipo na mtu wa kupigiwa!

Sasa ikaja siku moja ya masika. Tulikuwa tunapanda, kulia kwetu ukuta wa mlima, kushoto korongo. Barabara imegeuka uji. Mkasi alikuwa ananieleza habari ya beki mmoja aliyemkanyaga kwa makusudi. Katikati ya maneno akanyamaza.

Nikamgeukia. Macho yake yalikuwa yamekwenda juu. Mkono umekakamaa. Halafu akaniangukia, kichwa kwenye gia, mwili mzima unatetemeka, povu linamtoka mdomoni.

Nilikanyaga breki. Nikavuta ya mkono. Nikafungua mlango. Na mimi, simba wa mkonge, mwenye JASHO LANGU, nikakimbia!

Ndugu msomaji, sehemu hii sijapata kumwambia mtu hapa mjini. Nilikimbia mpaka ndani ya migomba, nikajificha nyuma ya majani. Kwetu tulikuwa tunaambiwa ukimgusa mtu aliye katika hali ile, au mate yake yakikudondokea, ugonjwa unahamia kwako. Nikasimama na mvua yangu, nachungulia.

Nikiwa pale nikaona lori linarudi nyuma. Breki ya mkono ilikuwa haishiki sawasawa kwenye utelezi. Linarudi taratibu, linaelekea korongoni, na yeye yumo ndani hajui kitu. Nilitaka kukimbilia. Miguu ikakataa. Haki ya Mungu, miguu ilikataa! Likateleza, likateleza, gurudumu la nyuma likagonga kisiki ukingoni, likatulia hapo.

Nimeliona gurudumu lile mara nyingi sana tangu siku hiyo, nikiwa nimefumba macho.

Baadaye nikamwona anajiinua. Akakaa. Akajifuta mdomo kwa mkono wa shati. Akatazama huku na huku, akauona mlango wangu uko wazi, akatazama nyuma akaliona korongo. Kisha akaita, sauti imechoka.

"Mtani, toka huko kwenye migomba. Imeshapita."

Nikatoka nimelowa kama kuku. Nikatafuta uongo, nikasema nilikuwa nafuata jiwe la kuzuia gurudumu. Mkasi akanitazama. Hakubisha.

"Ni kifafa," akasema. "Ninacho tangu utoto. Masista wa misheni wananipa vidonge, nikimeza kila siku sianguki. Mwezi huu vimeniishia, tulikaa sana safarini na timu."

"Kwa nini usichukue vidonge mjini?"

"Mjini foleni yote inanijua, mtani. Kabla sijafika dirishani, uwanja mzima umeshapata habari."

"Na viongozi wa timu?"

"Hawajui. Anajua sista, anajua mama, anajua mjomba. Sasa na wewe. Sitaki kuficha milele. Nikiacha mpira nitasimama mbele ya wale watoto wa soksi moja niwaambie. Wamo wenzangu mule, wanafungiwa ndani kama mbuzi mgonjwa. Waone mtu mwenye kifafa amecheza, amefunga, na hakuna aliyekufa. Ila nataka niseme mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, siku ninayoitaka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi liishie hapa."

"Mtani," nikamwambia nikijipiga kifua, "limekufa hapa hapa, limezikwa, na mimi ndiye nimekalia kaburi."

Maneno matamu kweli! Nilikuwa hodari wa maneno.

Siri ile nilikaa nayo kama mtu aliyemeza kaa la moto. Nilikuwa na kijiwe changu cha kahawa karibu na stesheni, pale tunapokaa wenye umri wetu. Mazungumzo mpira, na mpira ni Mkasi. Siku moja fundi cherehani mmoja, mtu mwenye ulimi, akanigeukia.

"Wewe unayempakia kila mwezi, huko milimani anafuata nini?"

"Kwao," nikasema.

"Kwao ndiyo nini? Ana mke kule? Ana mganga?"

"Mambo yake mwenyewe."

"Mambo yake!" Fundi akacheka. "Mchezaji ana mambo yake? Mchezaji ni mali ya umma, bwana, kama reli. Umeshaona reli ina siri? Watoto wetu wanamwiga yule. Lazima tujue wanaiga nini."

Watu wakaitikia, kweli kabisa, mali ya umma. Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Badala ya kunyamaza, nikaweka kikombe chini taratibu, nikatabasamu kama mtu mwenye funguo za benki.

"Mimi ninayoyajua," nikasema, "mkiambiwa nyie hamtalala."

Nilijiona mkubwa! Wote wakanigeukia. Nikakataa kusema zaidi, nikajiona mwaminifu. Kumbe nusu nilikuwa nimeshasema.

Halafu mjomba wa Mkasi akafariki.

Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye nguzo. Yule ndiye aliyemlea Mkasi, ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka kwa masista alipoanza kuanguka. Niliwabeba waombolezaji kwa lori langu, wachezaji wenzake, na kiongozi mmoja wa timu, mtu wa suti za Kaunda na kalamu mbili mfukoni. Tukazika. Padri akaondoka. Siku ya kuanua tanga watani tukapewa uwanja.

Kulikuwa na mtani mwenzangu mmoja, muuza kahawa wa hapo mjini. Jamani, siku hiyo alikuwa amebarikiwa! Alimwigiza marehemu anavyohesabu ndizi zake shambani, anavyomficha mgeni kata ya pombe nyuma ya mlango, anavyokohoa ili asiulizwe. Wajane walicheka mpaka wakashikana. Mama yake Mkasi, dada wa marehemu, alikuwa anajifuta machozi, hujui ya kicheko au ya kilio. Muuza kahawa akapewa kuku.

"Na wewe mwenye lori?" akaniuliza mama mmoja. "Umekuja kula tu? Au lori ndilo lenye akili?"

Watu wakaangua kicheko. Muuza kahawa akadakia, "Mwacheni, yeye anajua kupiga honi tu."

Ikaniingia. Mimi nishindwe na mtu wa birika? Nikasimama katikati. Nikaanza kumwigiza Mkasi. Nikashusha soksi moja. Nikakimbia na mpira usiokuwepo, nikawapiga chenga migomba, watu wakapiga makofi. Vicheko vilikuwa vizuri, lakini vya muuza kahawa vilikuwa vikubwa zaidi. Nikamwona Mkasi amekaa na wafiwa, mwenyewe anacheka, kichwa anatikisa. Nikataka zaidi. Nikasema moyoni, ninacho kitu ambacho hakuna mtani mwingine anacho.

Nikasimama ghafla. Nikageuza macho juu. Nikajiangusha chini.

Nilitetemeka. Nilikakamaa mikono. Nilikuwa na ugali mdomoni, nikaukoroga na mate nikautoa kama povu. Nikasaga meno. Nilifanya yote niliyoyaona kwenye lori, moja baada ya moja, isipokuwa moja tu: mwanamume anayekimbilia kwenye migomba. Huyo sikumwigiza.

Mwanzo walicheka. Nasema kweli, walicheka. Halafu kicheko kikapungua upande wa wafiwa, kikaisha kabisa. Nikiwa chini, shavu kwenye vumbi, nikasikia mtu wa timu anasema kwa sauti ndogo, "Mtani anaigiza alichokiona. Huyo ni kijana wetu. Kijana wetu ana kifafa?"

Nikafumbua macho. Mama yake Mkasi alikuwa amesimama. Hakuwa anafuta machozi tena.

Nikainuka najipangusa. Nikasema, "Utani, utani jamani!" Sauti ilinitoka kama ya mtoto. Wote wakamtazama Mkasi. Uso wake ulikuwa umekwisha kuwajibu. Angeweza kunipiga ngumi, na angekuwa na haki. Lakini mkono wake ulifungwa na mila. Mtani hakasirikiwi! Msibani ndiyo kabisa. Mimi nilijua hilo. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mila hiyo kama nilivyojificha nyuma ya majani ya mgomba.

Mkasi akaja mpaka nilipo. Akacheka, mdomo tu, macho hayakucheka. Akaingiza mkono mfukoni, akanitilia sarafu mbili za shilingi kiganjani, kama mtani anavyolipwa.

"Chukua, mtani," akasema watu wasikie. "Umechekesha."

Nilizipokea! Nilizipokea mimi, nikazitia mfukoni.

Habari ilifika mjini kabla ya lori langu, sijui ilipanda nini. Jumapili iliyofuata kulikuwa na mechi. Viongozi walimpanga, maana bila yeye watu wasingeingia, na watu waliingia kuliko siku zote. Nilisimama juu ya lori langu nje ya uzio. Kila akigusa mpira, uwanja ulinyamaza. Si ule ukimya wa zamani wa kuvuta pumzi. Walikuwa wanangoja aanguke.

"Leteni kijiko!" mtu akapiga kelele. "Akianguka mtieni kijiko mdomoni!"

"Mtandikieni godoro!"

Vicheko. Mkasi akaendelea kucheza. Alikuwa anakimbia kama mtu anayebeba yai. Kipindi cha pili akapata mpira, akamtoka beki wa kwanza, akamtoka wa pili, na mimi nikajikuta naomba, Mungu wee, afunge, afunge tu waone haya! Wa tatu akamkata mguu.

Akaanguka.

Hakikuwa kifafa, ulikuwa mguu tu. Kila mwenye macho aliona. Lakini wachezaji walirudi nyuma wote. Wa kwao, wa wapinzani, refa naye. Duara likafunguka, yeye katikati peke yake. Akainua mkono ainuliwe, kama anavyofanya mchezaji yeyote. Hakuna aliyeushika. Mkono ulikaa hewani. Nikasema nashuka, naruka uzio, naushika mimi. Nilisema hivyo kichwani. Miguu ilibaki juu ya lori.

Akaushusha mkono mwenyewe. Akainuka mwenyewe. Akatoka uwanjani anachechemea, na mlangoni watu walimpisha njia pana kuliko anayopishwa mkuu wa mkoa.

Baada ya hapo wenzake wakakataa kula naye sinia moja. Kikombe chake kikatengwa. Yule wa kalamu mbili akasema mfano wa vijana hauwezi kuwa mtu aliyewadanganya viongozi, na Mkasi akaambiwa "apumzike". Kazini nako wakamtoa kwenye mashine, wakamwambia ni kwa usalama wake, wakampa ufagio. Akauacha ufagio ukutani, akaondoka.

Lakini kilichonichoma zaidi ni watoto. Nilikuwa napita mtaani kwangu na lori, nikawakuta wanacheza mpira wa makaratasi, soksi moja chini kama kawaida. Mmoja akapiga kelele, "Mimi Mkasi!" Akakimbia hatua chache, akajiangusha, akaanza kutetemeka. Wenzake wakacheka wakakimbia. Wa pili naye, "Na mimi Mkasi!" Akajiangusha.

Nilizima gari katikati ya barabara. Walikuwa wananiiga mimi! Mfano wa kuigwa sasa nilikuwa mimi!

Siku aliyoondoka mjini nilimkuta njiani, sanduku la bati kichwani, anapanda mlima kwa miguu. Nikasimamisha lori. Lilikuwa tupu, halina hata ganda la ndizi.

"Panda, mtani," nikamwambia. "Tafadhali."

Hakuteremsha sanduku. "Lori lako limejaa," akasema.

"Limejaa nini? Halina kitu!"

"Limejaa, mzee."

Aliniita mzee. Hakuniita mtani. Akaendelea na safari yake, nami nikabaki nimeshika usukani, injini inanguruma. Watu wa miguu walinipita.

Nilikaa msimu mzima wa mvua sina raha. Honi sikupiga tena. Kijiwe nilikiacha, maana fundi cherehani alikuwa anasema kwa fahari kwamba sasa umma umeujua ukweli. Ukweli gani? Umma ulipata nini? Mwisho nikajiambia, mimi ni mwanamume mwenye uwezo, jambo hili nitalimaliza kwa uwezo wangu. Nikapakia gunia la mchele, mbuzi dume, doti mbili za kitenge, na bahasha yenye shilingi elfu moja. Elfu moja! Nikapanda Matombo.

Mkasi hakuwepo nyumbani, alikuwa shambani, au aliniona akakaa huko huko. Nilimkuta mama yake ukumbini kwenye kigoda, ungo mapajani.

"Shikamoo, mama," nikasema. Sina umri wa mwanawe, lakini siku ile nilimwamkia.

"Marahaba." Hakuinua macho.

Nikashusha mzigo mmoja mmoja. Mbuzi akalia. Nikaweka bahasha juu ya gunia. Nikapiga magoti, mimi, na suruali yangu ya tetroni. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia sikukosa msibani tu. "Najua ameshakueleza habari za siku ile ya mvua," nikasema. "Kwamba nilimwacha ndani ya lori nikakimbia, likarudi nyuma mpaka ukingoni mwa korongo. Kwa hilo pia nakuomba, mama."

Mikono yake ikasimama juu ya maharage.

"Ulimkimbia?" akauliza.

"Hakukwambia?"

"Aliniambia alipatwa njiani, na mtani wake alikuwa naye."

Hapo ndipo niliposhangaa, ndugu msomaji! Mimi nisiyeshangazwa! Siri yangu yule kijana alikuwa ameikalia muda wote huo. Nilimvua nguo mbele ya ukoo wake, mbele ya timu yake, mbele ya mji mzima, na neno moja tu lingetosha kunivua na mimi. "Mwulizeni alivyokimbia." Basi! Hakulisema. Hata kwa mama yake hakulisema.

Mama akaweka ungo chini. Akautazama mzigo wangu, akatazama bahasha.

"Siku ile mwanangu alikulipa," akasema. "Ngapi?"

"Mama, nimeleta elfu moja, na..."

"Sijakuuliza umeleta nini. Alikulipa ngapi?"

"Shilingi mbili."

"Zirudishe."

Nikajipapasa. Sarafu sikuwa nayo. Nikampa noti ya kumi. Akaingia ndani, nikamsikia anafungua kasha, akatoka na chenji. Akanihesabia nane kiganjani, polepole, kama dukani.

"Mtani akilipwa, tumecheka yamekwisha, hatuna ruhusa ya kukukasirikia," akasema. "Malipo umeyarudisha. Kwa hiyo ule haukuwa utani, na wewe si mtani wetu. Sasa naweza kukukasirikia, baba. Nilikuwa nasubiri siku hii. Pakia vitu vyako."

Nikapakia. Mbuzi alikataa kupanda, nikambeba. Hakuna aliyecheka.

Wewe unayekaa kijiweni na kusema mchezaji ni wetu sote, nakuomba unisikilize mimi niliyekaa hapo hapo. Mpira ukiisha, mwache aende kwao. Anakopita, anachomeza, anayemzaa, anapoangukia, hayo hukuyalipia mlangoni. Na kama ameyaweka mikononi mwako, yashike kama unavyoshika mtoto wa mtu. Akitaka kuyasema atayasema yeye, na pengine wapo watoto waliofungiwa ndani ambao walikuwa wanamngoja yeye ayaseme. Mimi niliwaonyesha ugali mdomoni.

Lori ninalo bado. Napanda Matombo kila asubuhi, nashuka na ndizi kila jioni, na msiba ukitokea kule watani wanapanda magari mengine. Elfu yangu moja ilirudi nami nzima kwenye bahasha. Jambo hili, ukitoa chenji, limenigharimu shilingi mbili, tena za Mkasi mwenyewe.